Nyumba Iliyogeuzia Lango Mgongo

Mlango haukuwa na kitasa. Jedidah aliutazama juu na chini, akaupapasa ubao wake wa mvule uliogeuka mweusi kwa miaka, na badala ya kitasa akakuta gongo la mti lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, limelazwa katika vishikio viwili vya chuma. Tena halikuwa mahali pake. Katika milango yote aliyowahi kuipima, kitasa kilikuwa pale kiganja kinapoangukia. Gongo hili lilikuwa juu, karibu na kifua.

"Andika, Cephas. Komeo, sentimita mia na ishirini na mbili kutoka sakafuni."

"Mia na ishirini na mbili," Cephas aliitikia kutoka upande wa pili wa utepe. Alikuwa fundi mwashi wa miaka hamsini na kitu. Ofisi ilimwazima Jedidah kwa wiki moja ili amshikie utepe na kumwonya ni ukuta upi ungeweza kumwangukia. "Labda walikuwa watu warefu."

"Wote?"

"Mimi nashika utepe tu, madam. Maswali ni ya wenye diploma."

Diploma yenyewe ilikuwa na miezi minane. Jedidah aliipata katika chuo cha ufundi huko Migori kwao, ujenzi na uchoraji wa ramani, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye jina lake kwenye karatasi. Hospitali ya zamani ya ukoma ya Got Ondiek, kando ya ziwa baina ya Kendu Bay na mji wa Homa Bay, ilikuwa imenyamaza tangu vidonge vilipowaruhusu wagonjwa kurudi makwao. Sasa pangejengwa hospitali ya akina mama wazazi. Kabla tingatinga halijaingia, mtu alitakiwa kulipima kila jengo na kujibu swali moja kwenye fomu: je, ni jengo la asili? Likiwa la asili, lingehifadhiwa na kukarabatiwa. Likiwa la kuongezwa, lingepigwa msalaba mwekundu, na Ijumaa saa mbili asubuhi lingeangushwa.

Kuamua hilo Jedidah alikuwa na ramani. Ilichorwa kwa wino mwaka wa 1938 kwenye karatasi nzito, ikakaa sandukuni katika stoo ya misheni mpaka mchwa wakaipata. Walikuwa wamekula kona mbili, moja yenye maelezo ya namba, nyingine yenye ule mshale wa kuonyesha kaskazini. Kilichobaki kilisomeka vizuri. Wodi sita ndefu, tatu huku na tatu kule, zilitazamana kuvuka uwanja. Katikati palikuwa na kisima. Upande mmoja palikuwa na lango, na upande wa mbali, mkabala na lango, nyumba ndogo yenye namba 1. Nyumba hiyo haikuchorwa kwa wino kama nyingine. Ilichorwa kwa penseli ya buluu.

Bila mshale, ramani ile haikuwa na juu wala chini. Jedidah hakuhangaika. Alifanya vile angefanya kila mtoto aliyekulia katika dala, boma la Waluo: alitafuta lango. Boma husomwa kuanzia langoni. Nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, za wengine hufuata kulia na kushoto, na za wavulana hukaa karibu na lango kama walinzi. Ukishajua lango, umejua kila kitu. Na lango la Got Ondiek lilikuwa barabarani, la chuma, limepakwa rangi ya bluu, na kando yake kibanda cha mawe alimolala Maranga, mlinzi, pamoja na redio yake. Jedidah akaielekeza ramani huko, akaanza kupima.

Jumatatu nzima alikuwa kama mtu aliyeokota barua ya watu wengine, na hawezi kuacha kuisoma. Kona zote za kuta zilikuwa zimeviringwa, hakuna hata moja yenye ncha. Hapakuwa na kidato hata kimoja. Kutoka wodini hadi uwanjani, kutoka uwanjani hadi jikoni, sakafu iliteremka polepole kwa saruji iliyochanjwa mistari ili mguu usiteleze. Na jikoni, meko yalijengwa ndani kabisa ya kisanduku cha matofali, hata mpishi asingeweza kuufikia moto kwa mkono.

"Nani huyu anamficha mpishi moto?" Cephas aliuliza, akiinama kuchungulia.

Jana yake Jedidah alikuwa amesoma kuhusu ugonjwa huu kwenye simu mpaka chaji ikaisha. "Mtu anayejua kwamba mpishi hatausikia," alisema. "Ukoma unaanza na mishipa ya fahamu, Cephas. Mkono unaungua, mwenyewe anaendelea kupiga hadithi. Mguu unakatwa na kona ya ukuta, mwenyewe anaenda zake. Ndiyo maana kona ni mviringo. Ndiyo maana hakuna ngazi."

Cephas aliupitisha mkono wake mzito juu ya kona ya ukuta, taratibu, kama anayempapasa ng'ombe. "Fundi alikuwa na moyo huyu," alisema.

Jedidah naye aliwaza hivyo. Mchoraji asiyemjua, aliyekufa zamani, alikuwa amezipa kuta kazi ya kusikia maumivu kwa niaba ya wasioyasikia. Hakuna aliyemfundisha hayo chuoni. Chuoni alifundishwa kwamba kona ikiwa kali ndiyo fundi hodari.

Ila mambo mawili yalimkatalia. La kwanza ni lile komeo la kifuani. La pili lilikuwa kwenye ramani: langoni palichorwa mistari kumi na mmoja, myembamba, sambamba. Hizo ni ngazi. Hospitali nzima haina kidato, halafu langoni viwe kumi na kimoja? Tena pale barabarani, ambapo ardhi ni tambarare kama meza?

"Waliving'oa walipotengeneza barabara," Cephas alisema.

"Ngazi huwekwa palipo na mwinuko. Hapa zingepanda kwenda wapi?"

"Madam, jua linatuchoma. Na hiyo namba moja yako iko wapi?"

Namba moja, kwa jinsi alivyoishika ramani, ilitakiwa kuwa upande wa ziwa. Huko palikuwa na mafunjo na magugu maji tu. Jedidah alikumbuka mwaka wa 2020, ziwa lilipopanda likameza mashamba na vibanda vya ufuoni kote, akaandika: *Namba 1, imechukuliwa na maji.* Kwenye daftari lake binafsi akaandika pia: *Ngazi za nini?*

Ilibaki nyumba moja ambayo haikuwa na namba yoyote. Ilikuwa ya mawe, ndogo, mita chache tu kutoka lango la bluu, na ilikuwa imeligeuzia lango mgongo. Ukiingia kutoka barabarani unakutana na ukuta mtupu usio hata na dirisha.

"Hii ni ya wavamizi," Cephas alisema papo hapo. "Mjaluo gani ajenge nyumba aipe lango kisogo? Hata mlevi hawezi."

Jedidah alicheka, akakubali. Ilikuwa kweli tupu. Nyumba isiyotazama lango si ya boma hilo. Ilikuja baadaye, ikajibanza. Akachovya brashi katika kopo la rangi, akachora msalaba mwekundu ukutani, mpana kama mikono miwili iliyonyooshwa.

"Mstari wa pili umepinda," sauti ilisema nyuma yake.

Mwanamke mzee alikuwa amezunguka kutoka upande wa mlangoni, kimya, katika viatu vilivyokatwa kutoka tairi la gari. Alikuwa mdogo wa umbo na macho yake yalikuwa makali. Mikono yake iliishia kwenye viganja vifupi visivyo na vidole. Jedidah aliiona, akayaondoa macho haraka, kisha akajionea haya kwa kuyaondoa.

"*Oyawore*, dana," alimwamkia, kama anavyoamkiwa bibi.

"*Oyawore ahinya*, nyathina, mwanangu. Mimi Marcella. Wewe binti wa wapi, nyar wapi?"

"Nyar Migori. Uriri."

"Kumbe! Mimi pia ni wa huko. Basi nyar Migori, unaichorea nyumba yangu nini?"

"Ni alama ya ofisi, dana."

"Na alama ya ofisi inasemaje?"

Cephas aligundua ghafla kwamba utepe ulihitaji kukunjwa.

"Inasema nyumba hii si ya tangu mwanzo," Jedidah alisema. "Imeongezwa. Haipo kwenye ramani."

"Ramani ya nani?"

"Ya misheni."

"Aa." Marcella aliutazama msalaba tena. "Rangi nzuri lakini. Itafukuza mbuzi."

Jedidah alimweleza yote, kwa sauti ya upole aliyojua kuwa ni ya woga: kwamba Ijumaa tinga litakuja, na kwamba kaunti imempatia nafasi katika makao ya wazee, chumba kizuri, chenye umeme.

"Mlango wa chumba hicho una nini?"

"Vipi, dana?"

"Kitasa cha kuzungusha? Au cha ufunguo?"

Jedidah hakuwa amewaza hilo. Marcella akawaongoza hadi upande wa pili wa nyumba, unaotazama uwanja, kisima na ziwa. Mlangoni palikuwa na gongo kama lile la wodini. Aliupitisha mkono wake chini ya gongo, likakaa katikati ya kiwiko na kifundo, akainua kwa bega tu, bila kutumia kiganja. Gongo likatoka kwenye vishikio bila hata kulia. Mlango ukafunguka.

"Miaka sabini na tatu," alisema, "sijamwomba mtu anifungulie mlango."

Cephas akaguna. Jedidah alikuwa akilitazama gongo kwa furaha ya kuelewa, na papo hapo furaha ile ikamgeukia. Kama komeo ni lile lile, basi nyumba je?

"Mtu anaweza kung'oa mlango wodini akaubandika hapa," Cephas alimnong'oneza, kana kwamba amesikia. "Angalia lango liko wapi, madam. Angalia lango."

Marcella aliwapa uji katika vikombe vya bati. Cephas alisema amefunga, ingawa saa mbili tu zilizopita alikuwa amekula chapati tatu. Jedidah alikishika chake, akasita.

"Kunywa," Marcella alimwambia bila uchungu wowote. "Nilipona kabla mama yako hajazaliwa. Au ramani ya misheni haijaandika?"

Jedidah akanywa. Akauliza ni nani aliyekaa humo kabla yake. "Trizah," Marcella alijibu. Lakini fomu haikuwa na mahali pa Trizah.

*

Jumatano alipeleka fomu ofisini, mjini Homa Bay. Mkuu wake, Damaris, alikuwa mwanamke wa miwani na maneno machache, aliyesoma kila ukurasa kwa kalamu mkononi. Kwenye kiti cha wageni alikaa Dahir, mwenye tinga na malori, mfanyabiashara wa Kendu Bay ambaye ukoo wake umeuza bidhaa pale kwa vizazi vinne. Alikuja kuchukua orodha ya kubomoa.

Damaris alitia sahihi. Jedidah akaitandaza ramani mezani ili amwonyeshe mahali maji yalipoichukua namba moja. Dahir, aliyeketi ng'ambo ya meza, akainama kuitazama akiwa upande wake.

"Haya!" alisema, akicheka. "Hizi si ndizo ngazi zilizomuua babu?"

"Ngazi zipi?" Jedidah aliuliza.

"Hizi, za majini." Kidole chake kiligusa mistari kumi na mmoja. "Babu Hamud alikuwa akiwapelekea saruji, chumvi, mafuta ya taa. Alilalamika mpaka anaingia kaburini. Eti hospitali nzima wameifanya laini kama kitanda, halafu ngazi zote wamezirundika pale mashua inapofunga, ili yeye avunjike kiuno."

"Mashua? Si angepita barabarani?"

"Barabara gani, dada yangu? Barabara ile imechongwa mimi niko darasa la nne. Zamani kila kitu kilikuja kwa maji. Saruji, madaktari, wagonjwa, wote."

Jedidah aliinuka. Akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti cha Dahir, akaitazama ramani kutoka pale. Wodi tatu huku, tatu kule, kisima katikati: hakuna kilichobadilika. Ila lango sasa lilikuwa ziwani. Na nyumba ya penseli ya buluu, mkabala na lango, ilikuwa upande wa barabara, pale pale penye msalaba wake mwekundu. Haikuwa imeligeuzia lango mgongo. Lango la bluu ndilo lililochomekwa nyuma yake, baadaye, na watu wa barabara.

"Mama Damaris, nimekosea. Niliishika ramani kichwa chini."

Damaris alivua miwani. "Una ushahidi, au una hadithi ya babu wa Dahir?"

"Usimguse babu," Dahir alisema.

"Bado sina."

"Basi fomu ina sahihi yangu, Jedidah. Na yako pia." Haikuwa sauti ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kubadilisha karatasi. "Niletee kitu ninachoweza kukikanyaga kabla ya Ijumaa saa mbili. Nitakuja, nitakikanyaga. La sivyo, tinga litafanya kazi yake."

*

Alhamisi walifika Got Ondiek asubuhi, Cephas akiwa na panga na jembe. Marcella aliwakuta ufuoni wakifyeka mafunjo.

"Mnatafuta nini huko?"

"Lango, dana," Jedidah alisema, jasho likimtiririka.

"Si mngeniuliza? Nimekaa nalitazama tangu Trizah afe." Aliwaonyesha kwa kiwiko. "Sogeeni kulia. Hapo mnafyekea vyura tu."

Jembe la Cephas liligonga jiwe. Wakachimba, wakavuta mizizi na matope, na ngazi zikaanza kutoka, pana, za mawe ya kuchongwa, moja chini ya nyingine. Sita zilikuwa nchi kavu. Cephas alikunja suruali, akaingia majini akipapasa kwa miguu huku akilaani magugu. "Saba! Nane! Tisa… kumi." Akaenda mbele zaidi, maji yakamfika kifuani. Akarudi. "Zimeisha. Hapo ni tope tupu."

"Hakikisha."

"Madam, mimi si samaki."

Kumi. Ramani ilisema kumi na moja. Jedidah alimjua Damaris: angehesabu. Angeuliza kwa nini ngazi ya ramani imepungua, na kama hizi si mawe ya wavuvi tu ya kufulia nyavu. Alisimama juu ya ukingo, mikono kiunoni, akiwa karibu kulia.

"Ni kumi na moja," Marcella alisema. "Nilizihesabu. Nilikuwa mgongoni mwa mtu, sikuwa na kazi nyingine."

"Cephas amefika mwisho, dana."

"Cephas anatafuta chini tu, kama mvuvi. Wewe toka hapo, unaikanyaga."

Jedidah akaruka kando. Cephas akapiga jembe pale aliposimama. Chini ya shubiri tatu za udongo, jiwe likaitikia. Ya kumi na moja, ya juu kabisa, pana kuliko zote, na katikati yake palibonyea kidogo kwa kukanyagwa.

Cephas alipiga kelele kama aliyefunga goli. Akamgeukia Marcella, akafuta mikono kwenye shati lake, akasema kwa adabu, "Mama, ule uji wa Jumatatu bado upo?"

"Kwani mfungo umeisha?" Marcella alimjibu, na Cephas akacheka mpaka akakaa chini.

Jedidah aliketi kwenye ngazi ya juu, daftari magotini. Sasa alikuwa na maswali ambayo fomu haikuyataka. Marcella alikaa kando yake, akamsimulia. Aliletwa akiwa na miaka tisa. Baba yake alitembea naye kutoka Uriri hadi gati la Homa Bay, siku tatu, akamwachia mwenye mashua, na mtu asiyemjua akambeba mgongoni kuzipanda ngazi hizi. Juu, kitu cha kwanza alichokiona kuvuka uwanja ni mlango wa nyumba ile, wazi, na mwanamke amesimama.

"Trizah?"

"Trizah. Aliniambia, karibu nyumbani. Si karibu hospitalini."

Nyumba haikuwa katika mpango wa Wazungu, alisema. Trizah mwenyewe ndiye aliyemhadithia. Mahali pale palitakiwa kuwa pa bendera. Lakini wagonjwa ndio waliochimba misingi na kubeba mawe, na wodi zilipofika kwenye lenta, juu ya milango, waliweka koleo chini. Walisema hawawezi kulala katika boma lisilo na nyumba ya kwanza. Boma kama hilo ni zizi. Mchoraji alikasirika siku mbili, ya tatu akatoa penseli mfukoni.

"Ya buluu," Jedidah alisema.

"Sijui rangi. Najua tulishinda. Halafu shida ikaja: ni nyumba ya mke wa kwanza, na hapa hakuna mke wa mtu. Kila mmoja aliachwa. Basi wakaamua akae mwanamke aliyekaa Got Ondiek miaka mingi kuliko wote. Akifa, anayefuata. Nyumba yenyewe tukaiita Mikayi, kama anavyoitwa mke wa kwanza. Kwanza Trizah. Baada ya Trizah, mimi."

"Na baada yako?"

"Baada yangu mtajua wenyewe, wenye diploma."

Upepo ulitikisa mafunjo yaliyobaki. Jedidah alizitazama ngazi zikizama majini, akatafuta ukuta, au mabaki ya waya, au shimo la nguzo. "Ua ulikuwa wapi, dana? Hospitali kama hizi zilifungwa. Sioni ua."

"Ua wa nini?" Marcella aliinua mguu katika kiatu cha tairi, akaugonga kwenye jiwe. "Mguu huu hauisikii ardhi. Ukishuka ngazi kumi na moja bila kuzisikia, unafika chini umevunjika. Walitupa sakafu laini humo ndani, tutembee tutakavyo. Hapa wakaweka ngazi. Zilitosha."

Wiki nzima Jedidah alikuwa amempenda mchoraji yule. Mkono ule ule ulioviringa kona ili zisimuumize mtu ndio uliohesabu ngazi kumi na moja, na ulijua vyema unachokihesabu. Alifungua daftari pale alipoandika *Ngazi za nini?* Akashindwa kuandika jibu. Akazichora ngazi tu, kwa vipimo vyake.

"Hukuwahi kushuka? Hata ulipopona?"

"Nishuke niende wapi? Boma langu liko juu."

*

Ijumaa saa moja na nusu tinga la Dahir lilikuwa limeshafika, limepumzisha mkono wake mkubwa nje ya lango la bluu. Damaris alikuja na viatu vya mpira na fomu ndani ya mfuko wa plastiki. Hakusalimia sana. Jedidah alimpeleka ziwani, akampa ramani, akasimama kando.

Damaris alihesabu. Alihesabu ngazi saba zilizo kavu, akamwamuru Cephas aingie majini, akahesabu nne nyingine kwa kelele zake. Akapima upana kwa utepe, akalinganisha na ramani. Akauliza vipimo vya nyumba. Futi ishirini na nne kwa kumi na nne, Jedidah alisema, sawasawa na namba moja. Kisha Damaris akashuka ngazi ya mwisho iliyo kavu, maji yakimlamba viatu, akageuka kutazama juu, kama mtu aliyeshuka mashuani sasa hivi.

Uwanja ulifunguka mbele yake. Wodi zilijipanga kulia na kushoto, kisima kikakaa katikati, na mwisho kabisa, wima mbele ya macho yake, mlango mmoja mweusi wa mvule ulikuwa wazi, na mwanamke mzee amesimama mlangoni.

Damaris alikuwa binti wa dala, kama Jedidah. Alisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Mikayi," alisema polepole.

Jedidah alishtuka. "Mimi sijakuambia wanaiitaje."

"Kwani kuna mtu wa kuniambia?" Alitoa fomu, akakata sahihi yake kwa mistari miwili, akaandika upya akiegemeza karatasi mgongoni mwa Cephas. Alipomaliza, akaitazama ramani tena, safari hii kutoka upande wake wa haki. "Na kile kibanda cha lango la barabarani? Umekiandika cha asili."

"Nilikosea hapo pia. Niliona kiko langoni, nikadhani ni cha asili. Ni nyongeza."

Kwa hiyo Ijumaa ile tinga halikuja bure. Maranga alitoka kibandani amekumbatia redio, akiuliza kila mtu sasa atasikilizia wapi taarifa ya habari, mpaka Dahir akamwambia ahamie wodi ya tatu, yenye sakafu laini kama kitanda.

Jioni Jedidah alikoroga chokaa katika kopo lile lile, akaanza kuufuta msalaba. Wekundu ulikataa mara ya kwanza, ukakataa mara ya pili. Marcella alikuja akaibana brashi kati ya vifundo vyake viwili, akapaka mstari mmoja mrefu, ulionyooka kuliko wote.

"Unaona?" alisema. "Hivi ndivyo mstari unavyopigwa."

Jedidah alichukua fomu. Penye swali la jengo la asili sasa palikuwa na *ndiyo*. Pembeni, ambapo hapakuwa na mistari ya kuandikia, akaongeza kwa herufi ndogo: *Aliyekaa kwanza: Trizah. Anayekaa: Marcella.* Akaacha nafasi chini yake.

"Umemaliza kuandika?" Marcella aliuliza.

"Nimemaliza, dana."

"Basi mwambie mwenye tinga alichukue na lile lango la bluu. Linanitazama kisogoni."